Maswali na Majibu: Viza ya nchi isiyo na maswali mengi

SWALI: Mimi na mume wangu ni walimu wa sekondari, tunaishi Nakuru. Kwa miaka mitatu tumeweka akiba katika sacco, na sasa tuna shilingi 520,000 ambazo tungependa kuzitumia kutembea Ulaya kwa usiku 12 wakati wa likizo ya Agosti. Tumepata bei mbili za tiketi: kwenda na kurudi Paris kwa shilingi 105,000 kila mmoja, au kuingilia Budapest na kutokea Warsaw kwa shilingi 124,000 kila mmoja. Bwana mmoja anayeshughulikia viza ametushauri tuchukue ya Paris kwa kuwa ni nafuu, kisha tuombe viza kupitia nchi nyingine ndogo ambayo, kwa maneno yake, haina maswali mengi. Tukishaingia tutazunguka nchi tano tunazozitaka. Anadai shilingi 45,000 kwa kila mtu na tayari tumemwachia pasipoti. Je, mpango huu unafaa, na ni nchi zipi zinazolingana na mfuko wetu?

JIBU: Mwalimu, chukueni tiketi ya Budapest na Warsaw, ingawa inawazidishia shilingi 38,000 kwa watu wawili. Nitaeleza sababu kwa hesabu yenu wenyewe, kisha nitarudi kwa huyo bwana, kwa sababu yeye ndiye aliyenifanya niandike jibu refu kuliko nilivyokusudia.

Tukichukua euro moja kuwa shilingi 150 hivi, ada ya viza ya Schengen, yaani viza moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, ambayo tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima, itawagharimu shilingi 27,000 nyote wawili. Tuseme shilingi 20,000 nyingine zitakwenda kwenye bima ya safari na malipo ya kituo kinachopokea maombi. Mkienda Paris, baada ya tiketi na gharama hizo mtabaki na shilingi 263,000, yaani kama euro 146 kwa siku kwa watu wawili. Chumba cha watu wawili katika Paris ya Agosti, kikiwa kisafi na karibu na kituo cha metro, ni vigumu kukipata chini ya euro 130, kwa hiyo mtabaki na euro 16 za kula, kusafiri na kuingia mahali popote, na bado hamjalipa nauli ya treni ya kwenda nchi hizo nyingine nne. Mkitoa na shilingi 90,000 za huyo bwana, siku yenu inabaki na euro 96, ambazo hazilipi hata chumba.

Mkienda Budapest, Hungaria, kisha Poland mtabaki na shilingi 225,000, sawa na euro 125 kwa siku. Chumba cha kiwango hicho hicho hupatikana kwa euro 60 hivi mkikiwekea nafasi mapema, na euro 65 zinazosalia ni fedha halisi katika miji ambayo watu wake bado wanakula mchana kwa bei ya kawaida. Katika Kraków na Warsaw, miji ya Poland, ulizeni mahali panapoitwa bar mleczny, yaani baa ya maziwa, ingawa si baa kwa maana yetu: ni kantini za tangu enzi za ukomunisti, ambako unaagiza dirishani supu, pierogi (vipande vya unga vilivyojazwa viazi, jibini au nyama) na kabichi, unachukua sinia lako mwenyewe na kuketi karibu na wazee wa mtaa. Watu wawili hushiba hapo kwa fedha ambazo Paris zingenunua sahani moja.

Kwa kuwa nyinyi ni walimu, Agosti hamkuichagua, mmepangiwa, na hilo ndilo linaloondoa nchi nyingi ambazo orodha za bei nafuu huzisifu. Ureno, Ugiriki na pwani ya Kroatia ni nafuu kweli mwezi wa Mei au Oktoba, lakini Agosti Ulaya nzima huhamia baharini. Italia husherehekea Ferragosto tarehe 15 Agosti, wenyeji hufunga maduka na kwenda pwani, na bei za huko hupanda. Ndege nazo zina kisa chake: Julai na Agosti ndiyo miezi ambayo watalii humiminika Maasai Mara, Serengeti na Zanzibar, kwa hiyo viti hivyo hivyo mnavyovitaka vinagombewa kutoka upande wa pili. Ndiyo maana nawaelekeza kwenye miji ya bara, mbali na fukwe. Bulgaria nayo ingefaa, hasa Sofia na Plovdiv. Imekuwa ndani ya Schengen kikamilifu tangu tarehe 1 Januari 2025, na tangu Januari 2026 inatumia euro. Lakini kwa tiketi mliyoipata, Hungaria na Poland ndizo zinazoshikana.

Laleni Budapest usiku minne, Kraków usiku mitano na Warsaw usiku mitatu. Basi la kutoka Budapest hadi Kraków hupita Slovakia na huchukua karibu siku nzima ya kazi. Kutoka Kraków hadi Warsaw treni ya kasi hutumia saa mbili na nusu hivi. Tarehe 20 Agosti ni sikukuu kubwa ya taifa Hungaria, yenye fataki juu ya mto Danube, na vyumba vya Budapest hujaa, basi iepukeni au iwekeeni nafasi mapema sana. Katika Poland maduka mengi hufungwa Jumapili kwa sheria, kwa hiyo nunueni mkate na maji Jumamosi jioni. Fedha za huko ni forinti na zloti. Mashine ya kadi ikiwauliza kama mnataka kulipa kwa shilingi au kwa fedha ya pale, chagueni ya pale kila mara, kwa sababu ile ya shilingi hubeba kiwango kibaya cha kubadilishia.

Kuhusu nchi tano ndani ya siku 12, sitasema mengi. Kila mnapohama mnapoteza nusu siku na mnalipa nauli, na mtarudi Nakuru mkikumbuka stesheni.

Sasa nije kwa bwana wa viza. Swali ninaloulizwa kuliko yote katika kazi hii si wapi pazuri wala wapi pa bei nafuu, bali ni nchi gani inatoa viza kirahisi, kana kwamba Schengen ni nyumba yenye milango 29 na kazi ya msafiri ni kutafuta ule usio na mlinzi. Sheria haiko hivyo, nayo si siri. Ombi hupelekwa kwa nchi ambayo ndiyo hasa mnayokwenda, yaani ile mtakayolala siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, hupelekwa kwa nchi mtakayoingia kwanza. Katika mpango niliowapa, Poland ina usiku minane na Hungaria minne, kwa hiyo ombi ni la Poland, na ubalozi wake uko Nairobi. Wala hamlazimiki kutua Poland kwa sababu tu ndiyo iliyowapa viza. Mtatua Budapest na viza ya Poland mkononi, na afisa wa uhamiaji akiuliza mtamwonyesha nafasi za hoteli za Kraków na Warsaw, na mambo yataishia hapo. Madalali hugeuza jambo hili kichwa chini miguu juu: huwaambia watu kuwa lazima watue katika nchi iliyotoa viza, jambo ambalo si kweli, na papo hapo huwashauri waombe katika nchi ambayo hawatalala hata usiku mmoja, jambo ambalo ni udanganyifu.

Mwaka juzi alikuja ofisini mzee mmoja, mfanyabiashara mwenye uwezo wa kununua tiketi ya daraja lolote, akiwa na faili la plastiki la rangi ya kijani na karatasi moja ya kukataliwa. Karatasi hiyo ina orodha ya sababu zilizochapwa tayari, na afisa hutia alama tu kwenye kisanduku kinachohusika. Yake ilitiwa alama kwenye sababu inayosema kwamba maelezo ya madhumuni na mazingira ya ukaaji hayaaminiki. Nilipofungua faili nilikuta nafasi ya hoteli ya usiku kumi katika mji mmoja wa kaskazini, na nyuma yake tiketi ya kwenda na kurudi Paris, bila treni wala ndege yoyote ya kuunganisha miji hiyo miwili. Nilimuuliza kama amewahi kulisikia jina la mji ule wa hoteli. Hakuwa amelisikia. Dalali aliijaza fomu, akaweka nafasi hiyo, na siku moja baada ya ombi kupokelewa akaifuta. Ubalozi ulipopiga simu hotelini, uliambiwa hakuna mgeni wa jina hilo. Ada haikurudishwa, kwa sababu hairudishwi ukikataliwa, na fedha za dalali hazikurudi vilevile.

Dalali akishashindwa, ushauri wake wa pili huwa ni kujaribu ubalozi mwingine. Hapo ndipo uvumilivu wangu huisha. Maombi yote ya viza ya Schengen huingizwa katika mfumo mmoja wa pamoja, pamoja na alama za vidole na matokeo yake, na kumbukumbu hizo hukaa kwa miaka mitano. Afisa wa ubalozi wa pili anaona kwenye kompyuta yake kwamba mwezi uliopita mlikwenda ubalozi wa kwanza, anaona mlikataliwa, na anaona sababu. Kukataliwa mara moja si mwisho wa dunia, lakini kukataliwa kwa kosa la kutoaminika ni doa mtakalolieleza kila mara mtakapoomba tena, na ni nani atakayelieleza? Dalali hatakuwapo.

Baya zaidi ni viza inayotoka. Ndiyo, wapo wanaopata kwa njia hiyo na kwenda kusimulia harusini. Lakini viza iliyopatikana kwa maelezo ya uongo inaweza kufutwa hata mkiwa mmeshafika uwanja wa ndege, na tangu Oktoba 2025 nchi za Schengen zimeanza kuweka mfumo wa kielektroniki unaorekodi kila mgeni asiye raia wa nchi hizo anayeingia na kutoka kwa picha ya uso na alama za vidole, mahali pa muhuri wa zamani. Mambo ambayo zamani yalipotea kwenye wino uliofifia sasa yanaandikwa yakaeleweka.

Jambo jingine ambalo madalali hawalisemi liko kwenye stikeri yenyewe, na nawaomba mlisome siku mtakayorudishiwa pasipoti. Chini ya neno la idadi ya kuingia huandikwa ama MULT, yaani mara nyingi, ama 01, yaani mara moja. Wengi wanaokwenda kwa mara ya kwanza hupewa 01. Mwenye 01 akitoka nje ya Schengen viza yake imekwisha, hata kama tarehe bado zipo. Nimeshuhudia watu wakipangiwa siku mbili za London katikati ya safari, kana kwamba Uingereza imo ndani ya Schengen. Haimo, ina viza yake na ada yake, na Ireland vilevile. Katika mpango wenu hakuna mpaka wa namna hiyo: Hungaria, Slovakia na Poland zote zimo.

Faili lenu, Mwalimu, lina nguvu kuliko mnavyodhani, na ndiyo sababu inaniuma kuona mnataka kulilipia shilingi 90,000 liharibiwe. Mna ajira ya kudumu, hati za mshahara, na barua ya likizo kutoka kwa mwajiri inayoonyesha siku ya kurudi darasani. Fedha zenu ni za sacco, na hapa muwe waangalifu: zikihamishwa zote benki wiki moja kabla ya kuomba, afisa ataona akaunti iliyokuwa na elfu kumi na ghafla ina nusu milioni, na atafikiri mmekopeshwa za kuonyesha, mchezo ambao madalali hao hao huuza. Ambatanisheni taarifa ya sacco ya miaka hiyo mitatu na barua fupi inayosema fedha zimetoka wapi na lini. Bima iwe inalipa matibabu ya angalau euro 30,000. Pasipoti iwe na angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Schengen na kurasa mbili tupu. Tiketi msizilipie kabla ya uamuzi; wekeni nafasi tu.

Ombi linaweza kupelekwa miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini unaweza kufika siku 45, na miadi ya miezi ya kiangazi huisha mapema, kwa hiyo tafuteni tarehe ya Mei au mapema Juni. Mtakwenda wenyewe kutoa alama za vidole. Hakuna dalali anayeweza kuzitoa kwa niaba yenu, na kama mtalazimika kupanda matatu kwenda Nairobi hata hivyo, sioni alicholipwa yeye kufanya. Kabla ya hayo yote, rudini kwake wiki hii mkachukue pasipoti zenu, na muulize kwa upole kama ameshawasilisha fomu yoyote kwa majina yenu. Akisema ndiyo, mwambieni awape nakala.