Chanjo ya ng'ombe na miti ya Serengeti

Kaka umeuliza ugonjwa wa ng'ombe unahusiana vipi na miti ya porini, aisee unahusiana sana. Miaka ya 1890 sotoka, ugonjwa wa virusi wa ng'ombe na jamaa zao wa porini, iliingia Afrika Mashariki ikamaliza ng'ombe wa Wamasai, nyumbu na nyati nao wakafa kwa wingi, na hata ng'ombe walivyoongezeka tena ule ugonjwa ukabaki unaua ndama wa nyumbu. Ikaja chanjo miaka ya 1950 na 1960, na hapa ndo patamu, maana hakuna nyumbu aliyedungwa sindano, walichanja ng'ombe tu, ila sotoka ilivyokatika kwa ng'ombe na kwa nyumbu ikaisha. Mwaka 1961 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama 250,000, mwishoni mwa miaka ya 1970 wameshafika milioni 1.3 hivi!

Sasa nyumbu wote hao wanakula majani balaa, majani yakibaki mafupi moto wa kiangazi unakosa cha kuunguza, na moto ndo ulikuwa unaua miche ya migunga kila mara, kwahiyo miti ikaanza kukua tena na twiga wakapata cha kula, simba na fisi nao wakaongezeka maana nyama ipo.

Pundamilia wao hawakuwa wanaugua sotoka, na kweli idadi yao haikupanda vile, ndo ushahidi ninaoupenda mimi kuliko wote kwenye hii habari kwamba ni sotoka iliyokuwa inawabana nyumbu.