Soma neno la pili kabla hujaficha sukari

Ndugu uliyeuliza maana na asili ya "diabetes insipidus" iliyoandikwa kwenye fomu ya mama yako, kisha ukaongeza kwamba umeshaficha sukari na umeanza kumpunguzia maji ili asiamke usiku kukojoa: mrudishie maji hayo sasa hivi, ndipo uendelee kusoma.

"Diabetes" ni neno la Kigiriki lenye maana ya kupita moja kwa moja, na tabibu Aretaeus wa Kapadokia, wa zama za Warumi, aliufananisha ugonjwa huo na mrija wa kupitishia maji. Sukari haimo humo hata chembe. Imo katika neno la pili la jina la kisukari, "diabetes mellitus", la Kilatini, yaani tamu kama asali, ilhali "insipidus" maana yake ni kisicho na ladha. Ndiyo, matabibu wa zamani waliuonja mkojo. Nashukuru walimaliza kazi hiyo kabla sijazaliwa.

Mimi sikuyajua hayo. Baba alipopewa fomu kama hiyo, nilimwendea muuza dawa mmoja, ambaye kwa sauti ya profesa aliniambia kwamba "diabetes ni diabetes", akaniuzia chupa mbili za maji ya mizizi na kuniagiza nimpimie baba vikombe vinne vya maji kwa siku. Nikatii, tena kwa daftari lenye mistari niliyoipiga kwa rula, huku baba akiendelea kukojoa mkojo mweupe kama maji ya mvua, midomo ikimpasuka na ulimi ukimnata. Siku ya tatu aliniita kwa jina la marehemu kaka yake. Hospitalini sukari yake ilikuwa ya kawaida kabisa, lakini sodiamu ya damu, yaani madini ya chumvi, ilikuwa 162, wakati haipaswi kuzidi 145 hivi. Daktari alipolifungua daftari aliuliza ni nani aliyeliandika. Nikasema ni mpwa wetu.

Kilichompungukia baba ni vasopresini, homoni inayotolewa na tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, na inayoziamuru figo zirudishe maji mwilini. Kwa hiyo kumnyima maji hakukupunguza mkojo, kulimkausha tu. Mwaka 2022 wataalamu wa homoni walipendekeza ugonjwa huu uitwe upungufu wa vasopresini, au ukinzani dhidi yake pale figo zinapokaidi, kwa sababu hata wahudumu wa afya walikuwa wakiuchanganya na kisukari. Muuzaji yule hajapata habari, maana chupa bado anaziuza.

Mpigie leo daktari aliyeandika fomu hiyo, umtajie maneno yote mawili, na umweleze umempimia mama vikombe vingapi na kwa siku ngapi, bila kumsingizia mpwa.