Daraja la Umoja kwa miguu

Kuvuka kwa miguu Daraja la Umoja, lile la Mto Ruvuma kati ya Tanzania na Msumbiji, inawezekana, mkuu. Daraja lina urefu wa mita 720, kwa mwendo wa kawaida ni kama dakika kumi toka Mtambaswala, Tanzania, mpaka upande wa Negomano, Msumbiji. Lilifunguliwa Mei 2010 na Marais wa wakati huo, Kikwete wa Tanzania na Guebuza wa Msumbiji.

Ila hapo ni mpakani, si daraja la matembezi tu. Pita kwanza uhamiaji Mtambaswala ugongewe muhuri wa kutoka, ndipo uvuke. Ukiukosa, wa ng'ambo watakurudisha. Beba pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kamera usiitoe kabla ya kuomba ruhusa kwa maofisa.

Nenda asubuhi, juu hakuna kivuli hata kidogo. Septemba na Oktoba utaona michanga mingi na maji yamejitenga mikondo mikondo. Ruvuma iliyojaa hasa ni ya masika. Kushuka kuoga usithubutu, mamba wapo.

Kufika: Masasi, Mangaka, kisha lami mpaka mpakani. Ukitaka kuendelea Mueda, mji wa Msumbiji, ulizia kwanza hali ya usalama ya mkoa wake wa Cabo Delgado, na usafiri wa huko ni wa kubahatisha.