Muulize Shangazi: Hedhi nzito nina miaka 46

Shikamoo Shangazi, nipo Ngamiani hapa Tanga, siku hizi hedhi inatoka mabonge na tumbo linakata balaa, jirani anasema nikatoe kizazi tu. Kweli?

Marahaba mwaya. Jirani nae! Hiyo ni hatua ya mwisho. Nenda hospitali ya Bombo wakupime wingi wa damu na ultrasaundi, fibroidi, yaani uvimbe wa kizazi usio saratani, umri huo ni kawaida. Ibuprofeni inapunguza maumivu na damu kidogo, ila kama una vidonda vya tumbo usiiguse, kuna na vidonge vya traneksamiki asidi vya kupunguza damu, unameza siku za damu nyingi tu. Mimi ningeulizia kitanzi cha homoni, kile kinachowekwa ndani ya kizazi na kupunguza damu, sio cha kopa (madini ya shaba) maana hicho kinazidisha damu. Ukijaza pedi kila saa, nenda leoleo.