X Plastaz ni wa Arusha, si Dar

Kaka, umesema X Plastaz ni wa Dar. Hapana, si wa Dar. Ni kundi la hip hop la Arusha, lilianza miaka ya 90. Nimekulia hukuhuku na tuliwasikia mapema sana, rap ya Kiswahili ikipokezana na sauti ya Kimasai ya Yamat Ole Meipuko. Hakuna aliyekuwa anafanya vile.

Ila hapo ulipouliza walipataje mashabiki bila lebo kubwa ya Dar, jibu ni kwamba walipita njia ya nje. Walipiga shoo Ulaya, na mwaka 2004 albamu yao ikatolewa na Out Here Records ya Munich, Ujerumani. YouTube ilikuwa haijaanzishwa! Kwa kweli najivunia sana hilo.

Lakini usiichukue kama njia ya kila bendi. Wanaopiga laivu Moshi na Arusha, ninavyoona mimi, kinachowajazia watu ni ukumbi mmoja na siku ileile kila wiki. Watu wakizoea kwamba Ijumaa mpo, wanakuja na wenzao. Mkihamahama mnawapoteza.