Usiyachukue maneno ya Juma kama kweli tayari

Ndugu, umekwama kwa Juma anayesema, "Mimi ni mwongo, au Asha ni mkweli," kwenye fumbo la kisiwa cha wakweli watupu (husema kweli daima) na waongo watupu (husema uongo daima), ambapo unatakiwa kujua nani ni nani. Umeandika kauli yake kana kwamba imeshathibitishwa. Hapo wengi tunateleza, hata mimi.

J iwe "Juma ni mkweli", A iwe "Asha ni mkweli". Juma ni mkweli pale tu kauli yake ilipo kweli, basi andika: J ↔ (¬J ∨ A), ambapo ↔ ni "pande mbili zinalingana", ¬ ni "si", na ∨ ni "au". Jaribu J ikiwa si kweli: ¬J inakuwa kweli, mabano yote yanakuwa kweli, pande mbili hazilingani. Futa. Basi J ni kweli, mabano lazima yawe kweli pia, na kwa kuwa ¬J si kweli, yanabaki kumtegemea Asha peke yake: A ni kweli. Wote wakweli.

Jedwali la mistari 4, lenye kila mchanganyiko wa kweli na si kweli kwa J na A, litakupa jibu hilohilo, ila kwa watu 6 ni mistari 64, mkono utakufa ganzi.