Makala ya sauti kuhusu uwindaji wa mbweha Uingereza: anzia bandani

Ndugu yetu anayesoma utangazaji mjini Leicester ameuliza namna ya kutayarisha makala ya sauti ya nusu saa kuhusu uwindaji wa mbweha na maisha ya vijijini, na hasa namna ya kuwapata wahojiwa ambao hawatarudia yaleyale yanayosikika katika kila mdahalo. Nimewahi kunasa sauti na kuhariri makala ya aina hiyo katika kaunti hiyohiyo ya Leicestershire, kwa hiyo ninajibu kwa kutegemea niliyoyashuhudia.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: mahojiano ya kwanza yafanyie kwenye mabanda ya mbwa wa kuwindia, tena asubuhi mapema, wakati wa kusafisha. Sheria iliyopiga marufuku kumwinda mbweha kwa kundi la mbwa katika England na Wales ilipitishwa mwaka 2004 na kuanza kutumika tarehe 18 Februari 2005, baada ya miaka mingi ya mabishano na baada ya maandamano ya Septemba 2002 yaliyoleta watu wapatao 400,000 katika barabara za London. Watu waliopitia kipindi hicho wamekwisha kuyanoa maneno yao, wa upande huu na wa upande ule, na ukimwuliza yeyote kati yao anaionaje marufuku hiyo atakupa hotuba aliyoitoa mara nyingi. Lakini mwulize mtunza mbwa anaamka saa ngapi, mbwa wake wanakula nini, na anamtambuaje kila mmoja kwa sauti, nawe utamsikia akitafuta maneno, akinyamaza, akikumbuka. Hiyo ndiyo sauti inayomshika msikilizaji.

Bandani pia ndipo uhusiano wa uwindaji na ukulima unapoonekana wazi. Ng'ombe au kondoo akifa shambani, mkulima haruhusiwi kumzika tu atakavyo. Wahudumu wa mabanda hufika kumchukua mzoga, na nyama hiyo huwa chakula cha mbwa. Watoto wa mbwa nao hupelekwa kulelewa kwenye nyumba za wakulima kabla ya kurudishwa kundini. Kamati ya serikali iliyoongozwa na Lord Burns, iliyotoa ripoti yake mwaka 2000, ilikadiria kwamba ajira kati ya 6,000 na 8,000 zilitegemea uwindaji, na ripoti hiyohiyo ikasema kwamba kukimbizwa na kuuawa na mbwa kunaathiri vibaya ustawi wa mbweha. Mambo hayo mawili yaweke karibu katika makala yako, kwa sababu yalitoka katika uchunguzi mmoja na hakuna linalolifuta lingine.

Kuhusu kunasa sauti za msafara (vikundi bado hutoka na mbwa, kwa namna nitakayoieleza katika sehemu ya sheria), usiwafuate farasi wanaopandwa na wale walio nyuma ya mbwa. Chagua lango moja la shamba, mahali ambapo upepo unavuma kutoka kwa mbwa kuja kwako, kisha utulie hapo na maikrofoni yenye kifuniko cha manyoya, kwa maana upepo wa majira ya baridi wa nchi ile utakuharibia kila kitu usipojihami. Baragumu la kiongozi wa mbwa ni fupi, la shaba nyeupe na nyekundu, na mlio wake unapenya kwa ghafla. Shusha kiwango cha kunasia mapema, wala usingoje ulie ndipo ukimbilie kitufe. Ukinasa kwa biti 24, kipimo cha undani wa sauti unachokichagua katika kinasa sauti, utabaki na nafasi ya kutosha ya kuinua sauti za mbali wakati wa kuhariri. Kila mahali unapohojia mtu, nasa pia dakika mbili za utulivu wa mahali hapo, kunguru, mifereji na magari ya mbali, kwani utazihitaji kuunganishia vipande. Kwato kwenye lami na kwato kwenye tope ni sauti mbili tofauti kabisa, na zikifuatana zinamweleza msikilizaji kwamba msafara umeiacha barabara, bila wewe kutamka neno.

Wanaopinga wape nafasi ileile ya kueleza kazi yao. Wapo wanaharakati wanaofuatilia misafara hii tangu chama chao kilipoanzishwa mwaka 1963; wana mbinu za kuwapoteza mbwa kwa baragumu zao wenyewe na kwa dawa za kupuliza zinazofunika harufu, na siku hizi hubeba kamera. Tafadhali usiigeuze habari hii kuwa ugomvi wa mji na kijiji. Tulihojiana na wakulima wasiotaka farasi hata mmoja akanyage ngano yao iliyopandwa kabla ya baridi, na wanakijiji wasiokuwa na habari kabisa na uwindaji.

Sehemu ya sheria iandike kwa uangalifu. Tangu marufuku ianze, vikundi hutangaza kwamba mbwa wao hufuata harufu iliyoburutwa ardhini kwa kitambaa, na wapinzani husema huo ni mwavuli wa kuficha uwindaji ule wa zamani. Scotland ina sheria zake, ya 2002 na ile kali zaidi ya 2023, na Ireland ya Kaskazini haijapiga marufuku. Usimwambie msikilizaji kwamba ulichokisikia shambani kilikuwa halali au haramu ikiwa hukuona mbwa walifuata nini, na mweleze mhojiwa kabla ya kuwasha mtambo kwamba maneno yake yanaweza kusikika mahakamani.

Hali yako ya ugeni itakusaidia kuliko unavyodhani. Mzee wa kijijini huona haya kumweleza Mwingereza mwenzake kwa nini mbwa huhesabiwa wawili wawili, kwa kuwa anadhani ni jambo linalojulikana. Wewe ukiuliza kwa adabu atakueleza kwa dakika kumi, na ndani ya maelezo hayo utasikia maisha yake.

Mbweha mwenyewe asikosekane. Makala nyingi humtaja kila dakika bila kumsikilizisha. Kati ya Desemba na Februari, msimu wao wa kujamiiana, mlio wa mbweha jike usiku unatisha na hausahauliki, nawe unaweza kuunasa hata pembezoni mwa mji, maana mbweha wa mijini ni wengi. Sisi tuliuweka peke yake, bila msimulizi, mara tu baada ya mtu kueleza namna mbwa wanavyoshika harufu. Ninaamini msikilizaji ana haki ya kumsikia anayekimbizwa akiwa kiumbe hai.

Msimu wenyewe huwa Novemba hadi Machi, lakini barua za maombi ziandike Juni. Wakati huo farasi wako malishoni, wahudumu wana nafasi ya kuzungumza, na watoto wa mbwa waliolelewa mashambani huoneshwa hadharani na kupewa alama, hafla ambayo wageni hukaribishwa. Nenda na kinasa sauti kikiwa kimezimwa, jitambulishe, eleza kwamba utawahoji na wanaopinga pia, na uombe kurudi.